Sanduku Lililofunguliwa Mbele ya Wote

Wengi wetu tumesikia habari za watu waliochukua maiti ya Dakta David Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Husifiwa kwa nguvu za mabega yao. Lakini leo napenda tuitazame siku ya kwanza, kabla hawajainua mzigo, maana ndipo uaminifu wao ulipoanza kuonekana.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika mji wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, Dakta Livingstone alikutwa amekufa, naye amepiga magoti kando ya kitanda chake. Watu wake walibaki peke yao ugenini, wala hapakuwa na bwana wa kuwaamuru. Wangaliweza kugawana nguo, ushanga na bunduki, kila mtu akaenda zake. Tena mfano mbaya ulikuwapo: mwaka 1866 Musa na wenzake, watu wa Anzwani, walimtoroka Livingstone, wakafika Unguja wakasema kwamba ameuawa.

Miongoni mwa waliokaa naye siku nyingi walikuwamo Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa utotoni katika msafara wa watumwa mwaka 1861, akabatizwa Bombay. Susi alitoka Shupanga, penye mto Zambezi, naye wakati ule alikuwa hajabatizwa. Alibatizwa Unguja mwaka 1886. Hawa wawili hawakujifanya wakubwa. Waliwakusanya wenzao wote, wakawauliza shauri. Wenzao wakajibu kwamba wao wamezoea safari na taabu, basi na wawe viongozi, nao watawatii. Kisha masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, akaandika orodha ya vitu vilivyokuwamo, ili baadaye asiwepo wa kulaumiwa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya mikono. Moyo waliuzika chini ya mti wa mpundu, na Jacob akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Wakasafiri miezi tisa, zaidi ya maili 1,000. Njiani maradhi yaliwashika, na wengine wakafa. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike pale pale; wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia, nao hawakupendezwa, kwa kuwa walikusudia kufikisha kila kitu. Mbele kidogo, watu wa nchi walipokataa maiti isipite, waliufunga mwili ukafanana na mtumba wa nguo, wakapita.

Februari 1874 waliwasili Bagamoyo. Je, walipokewa kwa shangwe? La. Walilipwa mshahara wao, wakaambiwa waende zao. Jacob peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza, na Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika baada ya maziko, wakasaidia kutengeneza kitabu cha habari za safari zake. Nishani zilikuja baadaye.

Ndugu zangu, si wengi kati yetu watakaochukua maiti maili 1,000. Lakini kila mmoja ana sanduku lake. Mzee wa kanisa ana sadaka, mwalimu ana fedha za watoto, mama mshika hazina ana akiba ya wenzake. Mimi nimeona ushirika mmoja ukigawanyika, si kwa sababu mzee wao aliiba, bali kwa sababu alihesabu sadaka peke yake nyumbani, na alipoulizwa akakasirika. Hata leo watu wale hawasali pamoja.

Kiongozi mwaminifu haoni haya kuulizwa. Huwaita wenzake, hufungua sanduku mchana, humwita ajuaye kuandika, naye huandika. Bwana wetu alifundisha kwamba uaminifu hupimwa kwanza katika mambo madogo. Basi Jumapili ijayo, sadaka itakapokwisha kukusanywa, na ihesabiwe na watu watatu, mezani, mlango ukiwa wazi.