Kivuli Kilichopita Kusini Yetu

Sisi watu wa mwambao tumezoea kudhani kwamba elimu ya asili ya ulimwengu, ile ya milinganyo mirefu na herufi za Kigiriki, ni mali ya watu wa mbali, na kwamba sisi tumeletewa tu kama tulivyoletewa mkonge. Nimefundisha hisabati mjini Tanga kwa miaka mingi, na hakuna mwaka uliopita bila mwanafunzi kuniuliza: “Mwalimu, haya yanatuhusu nini?” Swali hilo silioni kuwa la utovu wa adabu. Mtoto ambaye baba yake anaamkia ngalawa ana haki ya kuliuliza. Hapa nataka kulijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa historia hiyo imepita jirani nasi mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa na shughuli nyingine.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 29 Mei 1919. Siku hiyo jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya kisiwa kidogo cha Principe, kikakata misitu ya Kongo, kikafika upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, kikavuka kusini ya nchi yetu na kumalizikia Msumbiji ya kaskazini jua likikaribia kuzama. Huku Tanga jua halikufunikwa lote. Lilimegwa tu, jioni.

Nani angekuwa na nafasi ya kulitazama? Novemba 1914 mji wetu ulikuwa uwanja wa vita, vile ambavyo wazee walivisimulia zaidi kwa habari ya nyuki kuliko ya bunduki. Julai 1916 Waingereza wakauchukua. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, si mbali na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kivuli kile kilipita sehemu zile zile miezi sita tu baada ya vita kwisha, juu ya vijiji vilivyokuwa vimenyang’anywa chakula na vijana wao kuchukuliwa wapagazi. Sishangai kwamba katika masimulizi ya nyumbani kwetu mwaka 1919 unakumbukwa kwa njaa na maradhi, wala haukumbukwi kwa jua.

Lakini kule Principe alikuwapo Mwingereza mmoja, Arthur Eddington, na darubini yake, akiomba mawingu yaondoke. Wenzake wengine walikuwa Sobral, Brazili. Walitaka kupima jambo moja: je, nuru ya nyota ikipita karibu na jua hupinda kiasi gani?

Hapa yafaa kurudi nyuma kidogo. Mvuvi yeyote wa Sahare au Tongoni anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Na katikati ya hapo huja maji mafu. Isaac Newton ndiye aliyeonyesha, mwaka 1687, kwamba mwezi na jua huyavuta maji ya bahari kwa nguvu ile ile inayoliangusha embe kutoka mtini. Nguvu hiyo, mvutano, au graviti kama wasemavyo wataalamu, ilitosha kueleza karibu kila kitu kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1915 Albert Einstein alikuja na fikra nyingine: kwamba kitu kizito hakivuti kwa kamba isiyoonekana, bali hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, na kila kipitacho hapo, hata nuru, hufuata mpindo huo. Kwa hesabu ya Einstein, nuru inayopita ubavuni mwa jua ingepinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Hesabu iliyotokana na Newton ilitoa nusu ya hapo. Ili msomaji apate picha, sekunde 1.75 za pembe ni kama upana wa sarafu ukiitazama kutoka umbali wa kilomita tatu. Kwa kipimo kidogo namna hiyo ndipo ulimwengu wa zamani ulipoamuliwa. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919, nayo yalimpa haki Einstein. Wapo waliosema picha zile hazikuwa safi sana. Vipimo vya baadaye, vilivyo bora zaidi, vimethibitisha jibu lile lile.

Kwa nini basi kupinda kwa nuru kuhusiane na asili ya ulimwengu? Kwa sababu milinganyo ya Einstein haihusu jua peke yake. Ukiiandika kwa ajili ya ulimwengu mzima, inakupa jibu juu ya ulimwengu mzima. Einstein mwenyewe alifanya hivyo mwaka 1917, na jibu likamtisha. Ulimwengu haukukubali kutulia. Yeye aliamini, kama walivyoamini karibu wote wa zama zake, kwamba mbingu zilivyo leo ndivyo zilivyokuwa tangu zamani. Kwa hiyo akaongeza herufi moja katika mlinganyo, lambda ya Kigiriki, ili izuie ulimwengu usijiangukie. Mtu aliyeona jahazi lililopwelewa ataelewa mara moja: Einstein alitia gadi. Na kama ijulikanavyo kwa magadi, yakisukumwa kidogo tu jahazi linalala ubavu. Eddington alikuja kuonyesha mwaka 1930 kwamba ulimwengu ule wa Einstein ulikuwa na udhaifu huo huo.

Aliyethubutu kuyaondoa magadi ni Mrusi, Alexander Friedmann, mtaalamu wa hali ya hewa katika mji wa Petrograd uliokuwa umetoka vitani na mapinduzini. Mwaka 1922 alichapisha hesabu zake. Chukua jiwe ulirushe juu. Ukilirusha kwa nguvu ndogo litapanda, litasita, litarudi. Ukiweza kulirusha kwa kasi kubwa mno litakwenda moja kwa moja lisirudi. Kati ya hayo mawili ipo kasi moja ambayo jiwe litaendelea kupanda polepole zaidi na zaidi bila kusimama kabisa. Friedmann aliona kwamba ulimwengu nao ni hivyo: waweza kutanuka kisha ukasinyaa, au ukatanuka daima, na yote yategemea ni vitu vizito kiasi gani vilivyomo ndani yake. Jambo moja tu ambalo jiwe lililorushwa haliwezi ni kuning’inia hewani palepale. Einstein aliandika kwamba Friedmann amekosea. Mwaka uliofuata akaandika tena kukiri kwamba Friedmann yuko sawa. Friedmann alifariki mwaka 1925 kwa homa ya matumbo, umri wake miaka 37. Hakujua kwamba mbingu zenyewe zingekuja kumtolea ushahidi.

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi, nami sioni haya kusema hivyo. Georges Lemaître alikuwa Mbelgiji, padri wa Kikatoliki, na amewahi kusoma kwa Eddington yule yule kule Cambridge. Mwaka 1927, bila kujua kazi ya Friedmann, alifikia hesabu zile zile, lakini yeye akaziunganisha na vipimo vya darubini. Nuru ya galaksi za mbali huelekea upande wa wekundu. Sisi tulioishi karibu na reli ya Tanga tunajua jinsi honi ya treni inavyoshuka sauti ikishatupita. Nuru nayo hubadilika namna inayofanana na hiyo, ingawa hapa sababu yake hasa ni nafasi yenyewe kunyooshwa nuru ikiwa safarini. Lemaître akasema: galaksi zinaachana. Einstein alipokutana naye Brussels mwaka huo alimjibu kwamba hesabu ni safi, lakini fizikia yake haivumiliki. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia zaidi. Mwaka 1931 Lemaître akaenda hatua moja mbele: kama vyote vinaachana, basi siku moja vyote vilikuwa pamoja.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja, kijana mtulivu wa kutoka upande wa Pangani, alinifuata baada ya kipindi. Alikuwa ameacha kuandika somo hili katika daftari lake. Alisema nyumbani ameambiwa kwamba kuhesabu umri wa ulimwengu ni kuingilia kazi ya Mungu, naye hataki kumkosea baba yake, wala hataki kufeli. Nilijua kwamba nikimjibu vibaya nitampoteza, ama shuleni ama nyumbani kwake. Nikamsimulia habari ya padri huyu. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba akiashiria kwamba sayansi mpya imeshuhudia uumbaji. Mtu angetarajia Lemaître afurahi, kwani ni Papa wake aliyesifu kazi yake. Hakufurahi hata kidogo. Yeye alishika kwamba hesabu yake haithibitishi dini wala haiipingi. Kwamba mlinganyo unaeleza jinsi ulimwengu ulivyoendelea, na haujui lolote kuhusu kwa nini upo. Nikamwambia kijana: nenda kamwambie mzee maneno hayo, umwambie ni ya mtu wa dini. Siku ya pili alikuja na daftari. Tena alikuja na salamu za baba yake, na swali: hao waliohesabu umri, walianza kuhesabu kutoka wapi?

Swali la mzee lilikuwa bora kuliko mengi niliyoulizwa na wenye vyeti. Jibu ni kwamba walianza kutoka leo: wakapima kasi ya kutanuka sasa, wakapima ni vitu kiasi gani vinavyoipunguza au kuiongeza kasi hiyo, kisha wakaurudisha mlinganyo nyuma kama mtu arudishaye mkanda wa filamu. Jibu la siku hizi ni miaka bilioni 13.8. Ugumu wote umo katika kupima “vitu kiasi gani”, na hapo ndipo historia ilipopita jirani nasi mara ya pili.

Kaskazini ya Malindi, mbele ya Ras Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakayaita San Marco na Santa Rita. Kutoka Tanga hapo hapafiki kilomita 300. Mhandisi wao, Luigi Broglio, alipachagua kwa sababu ni karibu na Ikweta, na chombo kirushwacho hapo kuelekea mashariki husaidiwa vizuri na mzunguko wa dunia. Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka kule iliruka mwaka 1967, ya mwisho mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, Wamarekani walirusha kutoka hapo setilaiti ya uzito wa kilo 140 na ushei, wakaipa jina la Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei zitokazo mbinguni. Hewa yetu huzizuia, na kabla ya hapo wataalamu walitegemea roketi zilizokaa juu dakika chache tu. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Nishani ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339, na kila kimoja jina lake huanza na 4U. Hiyo U ni ya neno letu. Wanafunzi wangu hushangilia nikiwaambia hivyo, na mimi huwaacha washangilie kidogo kabla ya kuendelea na somo.

Wengi husikia habari ya Cygnus X-1, chanzo ambacho Uhuru ilikiona kikipepesa haraka mno, na ambacho kilikuja kuwa cha kwanza kukubaliwa kuwa shimo jeusi, yaani kitu ambacho mvutano wake hauachi hata nuru itoke. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi lilikuwa la kimya. Uhuru ilionyesha kwamba katika makundi makubwa ya galaksi, kati ya galaksi na galaksi, kumejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi ya joto namna hiyo ingepaswa kutawanyika. Haitawanyiki. Lipo jambo linaloishika, na nyota zote zinazoonekana hazitoshi kuishika, hata ukiongeza uzito wa gesi yenyewe. Hivyo vipimo hivyo vikaongeza nguvu katika hoja ya kwamba sehemu kubwa ya uzito wa ulimwengu haionekani.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu waliopima nyota zilipukazo yalikuta kwamba kutanuka hakupungui kasi, bali kunaongezeka. Ikabidi lambda irudishwe katika mlinganyo. Gadi lile lile ambalo Einstein alilitia na baadaye akalitupa limeokotwa, safari hii kwa kazi ya kusukuma. Katika mizani ya leo vitu vya kawaida, yaani nyota, bahari, mkonge na sisi wenyewe, ni karibu asilimia 5. Mata isiyoonekana ni kama asilimia 27. Iliyobaki ni hiyo lambda, na hakuna anayejua ni kitu gani.

Setilaiti ya Uhuru ilinyamaza mwaka 1973, ikaanguka na kuungua hewani mwaka 1979. Kijana wa Pangani siku hizi anafundisha fizikia katika shule ya wilaya jirani. Aliniandikia hivi karibuni kuuliza neno zuri la Kiswahili kwa ile asilimia 68. Nimempa matatu, na yote matatu ameyakataa.