Dogi Machachari Hatulii? Hivi Ndivyo Unamtafutia Mji wa Kumfaa, Kuanzia Mackinnon Road Hadi Diani

Mackinnon Road ni kale kasenta ka Kwale kalikoshikana na barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, ukishapita Taru ukielekea Voi. Wasafiri wengi wanaijua kwa ule msikiti wa kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, walii wa kutoka Punjab aliyefanya kazi kwa ujenzi wa reli ya Uganda. Madere husimama hapo kuomba safari njema na kuacha sadaka. Ukishuka lakini utacheki stori ingine: maloli zimepangana, nyama inachomwa, na mbwa wamelala chini ya tela wakingoja mifupa. Loli ikiwasha injini, lazima kuna dogi mmoja wa kuamka na kuikimbiza.

Huyo ndiye tunamwongelea leo. Tuseme wewe ama beshte yako amemwokota, amempeleka kwa daktari wa mifugo, dogi amepona, sasa ana miezi kumi na nguvu za punda. Ametafuna ndula mbili, ameruka ukuta, na kuku wa jirani hawalali. Unataka kumpatia mtu. Nani?

Kwanza elewa hivi. Mbwa wa kati ya miezi sita na miaka miwili hivi ni tineja. Mwili umekua, akili bado iko njiani. Wengi wanaotupwa ama kurudishwa hurudishwa umri huu, na mwenye anamrudisha atakwambia "huyu ni mkorofi". Mara nyingi si ukorofi, ni kukosa kazi. Kwa hivyo swali la kuuliza mtu anayemtaka si "unapenda mbwa?" Kila mtu anapenda mbwa kwa picha. Muulize: kuanzia asubuhi hadi jioni, huyu mbwa atakuwa anafanya nini?

Jibu likiwa "atafungwa pale kwa geti", sema asante na uende zako. Dogi mwenye mbio akifungwa mnyororo kutwa nzima habadiliki kuwa mlinzi. Anabweka hadi sauti iishe, halafu siku moja anamng'ata mtoto aliyekuja kununua mkate. Bedsitta ya Ukunda nayo? Inawezekana, bora mwenye keja awe mtu wa kukimbia ufuoni kila mangware bila kuruka siku, na landlord awe amekubali kwa mdomo wake mwenyewe. Na ploti iliyo kando ya lami bila ukuta ni hapana kabisa, hata mwenyewe akiwa msee mpoa namna gani. Dogi aliyezoea kukimbiza maloli haachi kwa sababu amepewa jina jipya.

Sasa, mbuzi. Ukiingia ndani kutoka barabarani, upande wa Kinango, Waduruma wanafuga mbuzi na ng'ombe, na fisi wapo. Watu hufikiria hapo ndipo pa kumpeleka dogi machachari: nafasi kubwa, kazi ipo, maisha fiti. Inaeza kuwa kweli, lakini kuna mtego. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki tangu 1994 ili walinde mifugo dhidi ya duma. Wale mbwa huwekwa na mbuzi wakiwa bado vitoto, wanakua wakijua mbuzi ni familia. Dogi wako wa miezi kumi aliyelelewa kwa lami hana hiyo akili. Kwake mbuzi ni mpira wenye miguu.

Mjaribu kabla hujaahidi mtu. Mshike kwa kamba, simama mbali na zizi, uone. Akiangalia mbuzi halafu ukimwita akageuka, huyo anafunzika. Akikaza macho, akanyamaza, akaanza kutetemeka, usimpeleke kwa mfugaji, maana mbuzi wa kwanza akifa kesi itaishia kwa panga. Yule anayefunzika atembee na mchungaji mtu mzima kwa kamba ndefu wiki kadhaa. Wakati huo kazi yake ni moja tu: kubweka kitu kigeni kikikaribia.

Kuna mtu mwingine atakayekuja mbio akisikia una dogi wa spidi. Mackinnon Road iko karibu sana na Tsavo East, Buchuma Gate ni mwendo mfupi tu, na digidigi ni wengi. Akikuuliza kuhusu mbio zake kuliko kuhusu chanjo zake, jua ni wa nyama ya porini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi na hao, na dogi akinaswa kwa mtego wa waya huko msituni hakuna wa kumtoa. Mnyime bila kuona haya.

Na usiende Buchuma na dogi kwa kamba ukisema KWS wamchukue kazi. Mbwa wao wa kunusa pembe, kama wale wa bandari ya Mombasa, wanachaguliwa na kufunzwa kwa mpango maalum. Marekani lakini kuna shirika la Montana linaitwa Working Dogs for Conservation, linalochukua mbwa walioshindikana majumbani, wale wanaochizi kwa sababu ya mpira, na kuwafunza kunusa mimea vamizi na alama za wanyama adimu. Yaani hiyo hali inayokuchosha wewe ndiyo wao wanatafuta.

Jirani akiwa Mwislamu

Hapa Pwani huwezi kutafutia mbwa mji ukajifanya hujui dini. Waislamu wengi wa huku wanafuata madhehebu ya Shafi'i. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ikiwa na udongo. Watu hukosea hapo wakidhani Mwislamu hawezi kufuga mbwa. Mbwa wa kulinda mifugo, shamba ama wa kuwinda anaruhusiwa. Kwa hivyo mzee wa kanzu anaweza kuwa mwenyeji bora kuliko yule kijana wa Diani mwenye picha 40 za mbwa kwa simu. Atamweka nje, atampa bakuli lake, hatamruhusu kumlamba. Hiyo si kumtesa.

Kinachohitajika ni wewe umfunze dogi kutorukia watu kabla hajatoka kwako. Mtu anayeenda swala ya alfajiri akirukiwa na mbwa mwenye mate, amerudi nyumbani kubadilisha nguo, na wewe umeanzisha vita ya mtaa. Akiruka, geuka umpe mgongo. Akishuka miguu yote minne chini, ndipo umguse. Nyumba nzima ifanye hivyo hivyo, mtoto mmoja akiharibu mnaanza upya.

Afya kabla ya kumkabidhi

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kenya ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu, na dalili zikishaonekana kwa mtu ni karibu hakuna anayepona. Kama hujui dogi ametoka wapi, mdunge, halafu kaa naye wiki kadhaa kabla ya kumpatia mtu, sababu virusi vinaweza kujificha kwa muda mrefu. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hosi siku hiyo hiyo.

Mhasi pia. Dume asiyehasiwa atafuata jike hadi Samburu, ile ya huku Kwale, na kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa wakipandana. Unatibika, ila kwa sindano za wiki baada ya wiki na ganji ya kutosha.

Halafu kuna mbung'o, ambao watu wa Nairobi hawaujui kabisa. Kwale inao wengi, ndiyo maana icipe walijaribu ng'ombe wa Shimba Hills kwa kola zenye harufu ya kuwafukuza. Mbwa akiambukizwa huwaka homa, hukonda, na macho huweza kuwa na ukungu wa bluu. Watu husema amepofuka na kumtupa. Kwa hivyo dogi machachari akitulia ghafla usifurahie, mpeleke apimwe damu.

Ukishapata mtu, tembelea kwake bila kujipangia sana. Angalia ukuta, angalia maji, uliza nani hubaki nyumbani. Kubalianeni majaribio ya wiki mbili, na kwamba akishindwa dogi anarudi kwako, si kwa barabara. Siku za kwanza anaweza kujificha ama kukataa chakula, ni kawaida. Tabia zake zenyewe utaziona baada ya wiki tatu hivi. Na mwambie mwenyeji mapema kuwa ugali mtupu haubebi mbwa anayekimbia. Omena ama matumbo lazima yaongezwe.

Hukupata mtu? Kaa naye, endelea kumtembeza, na zungumza na KSPCA, ambao huchunguza mji kabla ya kutoa mbwa.

Siku ya kumkabidhi mpeleke asubuhi, ili apate mchana mzima kuzoea kabla giza halijaingia. Beba kadi ya chanjo, kamba yake na gunia analolalia, lisifuliwe. Na mwandikie mwenyeji maneno ambayo dogi anayajua. Kama umemzoesha "kaa chini" na mwenyeji anaongea Kiduruma pekee, wafunze wote wawili kabla hujaondoka.