Majengo chakavu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Majengo chakavu ya Mji Mkongwe ni nyumba za mawe na chokaa za mji wa kale wa Unguja ambazo zimetelekezwa, zimepasuka au ziko katika hatari ya kuanguka. Mji Mkongwe una majengo takriban 1,700 katika eneo la hekta 96, na uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kwa sababu ya hadhi hiyo, jengo bovu halibomolewi hivi hivi, hutakiwa liokolewe.

Usuli

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wenye nyumba wengi, hasa Waarabu na Wahindi, waliondoka visiwani, na serikali ikataifisha nyumba nyingi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja iligawiwa familia kadhaa zilizotoka shamba na Pemba, kila familia na chumba chake. Kodi ilikuwa ndogo mno kutosha matengenezo. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuuza baadhi ya nyumba hizo. Nyingine ni za wakfu, na nyingine zimo mikononi mwa warithi waliotawanyika kati ya Unguja, Dar es Salaam, Muscat na Uingereza.

Jinsi nyumba inavyoharibika

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba.

Adui mkubwa ni maji. Bati likitoboka au mfereji wa paa ukiziba, maji hushuka ndani ya ukuta, hulegeza chokaa na kuozesha ncha za boriti pale zilipozama ukutani, mahali jicho lisipofika. Boriti zikikatika, sakafu huporomoka na ukuta hukosa cha kuushika. Hutoa tumbo kuelekea uchochoroni. Plasta ya saruji, ambayo wengi huiona ndiyo imara, huzidisha madhara kwa kuufungia unyevu ndani. Juu ya kuta zilizoachwa huota mitini, na mizizi yake hupanua nyufa. Kwa kuwa nyumba zimeegemeana, ya jirani nayo huingia hatarini.

Katika nyumba ya wapangaji wengi, kila mmoja hupaka rangi chumba chake na kutengeneza mlango wake. Paa halina mwenyewe, na uharibifu huanzia huko.

Sheria na taasisi

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Sheria ya hifadhi ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka huo huo ulitayarishwa mpango mkuu wa hifadhi kwa msaada wa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Kujenga, kubomoa au kubadili jengo kunahitaji kibali cha Mamlaka. Nyumba iliyo hatarini huwekewa magogo ya kuiegemeza, na wakaazi hutakiwa kuhama. Wengi husita, na hofu yao ni ya haki: nyumba ikishatengenezwa huweza kugeuzwa hoteli, nao wasirudi tena.

Mifano mashuhuri

*Beit al-Ajaib.* Jumba hili tukufu lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na makumbusho yaliyokuwemo yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili walifariki.

*Zahanati ya Ithnaashiri.* Jengo hili la mfanyabiashara Tharia Topan, lililoanza kujengwa mwaka 1887, lilikuwa limechakaa vibaya. Taasisi ya Aga Khan ililikarabati katika miaka ya 1990, na kazi hiyo ya kupendeza ilithibitisha kwamba hata jengo lililokatiwa tamaa hupona.

Hali ya sasa

Utalii umeleta fedha za kutengeneza majumba yanayofaa kuwa hoteli, hasa katika mtaa wa Shangani. Nyumba za wapangaji na za wakfu zimebaki nyuma, ingawa ndizo zinazoufanya Mji Mkongwe uwe mji wa watu. Hifadhi itakayoziacha hizo haitakuwa imeuhifadhi mji.