Mjomba aliniuliza: hilo jiwe linachimbwa wapi?

Wadau, nimerudi! Mlionitumia meseji mkidhani nimedisko, poleni. Nilikuwa nyumbani Kharumwa, likizo.

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Jioni moja akaniuliza mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu nini. Nikamwambia perovskaiti, vifuwele vidogo vinavyotoa mwanga. Akaweka kikombe chini. "Sasa mjomba, hilo jiwe linachimbwa wapi?"

Siku ile nilijibu hovyo. Jibu lenyewe lina historia, na ndiyo hii.

Jiwe lenyewe lipo. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alilieleza kutokana na kipande cha kutoka milima ya Urali, Urusi, akalipa jina la Lev Perovski, mkubwa mmoja wa Urusi aliyependa madini. Ndani yake mna kalsiamu, titani na oksijeni. Na si la Urusi peke yake. Kimberlaiti, ule mwamba unaobeba almasi, mara nyingi huwa na punje zake.

Kimberlaiti sisi tunayo jirani tu, Mwadui. Mkanada John Williamson aliigundua mwaka 1940, eneo la kama hekta 146, kati ya makubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, kabla hajawa malkia. Punje za perovskaiti hakuna aliyezifanya zawadi. Ni nyeusi au za kahawia, na faida yake kubwa ni kuwasaidia wanajiolojia kujua umri wa mwamba.

Sasa mwanga unatoka wapi? Unatoka kwa ndugu zake. Wanasayansi walipojua atomi za jiwe lile zimepangwaje, wakagundua kwamba atomi nyingine zinaweza kukaa kwenye mpango uleule. Mwaka 1893 Horace Wells, Marekani, alishatengeneza chumvi za sesiamu na risasi. Mwaka 1958 Christian Møller wa Denmark akaonyesha kuwa chumvi hizo zina mpango wa perovskaiti. Zikakaa miaka mingi bila kelele. Mwaka 2015 kundi la Maksym Kovalenko kule Zurich, akiwemo Loredana Protesescu, wakazipika kwenye chupa ya maabara zikawa vifuwele vya nanomita chache tu. Ukiweka klorini vinatoa mwanga wa bluu, bromini kijani, iodini mwekundu.

Hapa ndipo inaingia eksitoni, wazo la Mrusi Yakov Frenkel la mwaka 1931. Elektroni ikipewa nguvu inaruka juu na kuacha tundu. Elektroni na tundu vinavutana, vinatembea pamoja kama jozi. Elektroni ikirudi kwenye tundu, nguvu inatoka kama mwanga. Shida ni kwamba kwenye nusukipitishi nyingi, jozi hunaswa na kasoro za fuwele na nguvu inaishia kuwa joto. Vifuwele vya Zurich vina kasoro pia, lakini nyingi hazinasi. Vilivyo bora vilirudisha hadi asilimia 90 ya mwanga vilivyoumeza. Mwaka 2018 watafiti wakaripoti jambo jingine: kwa kawaida eksitoni ya ngazi ya chini kabisa hutoa mwanga kwa shida sana, lakini humu yenyewe inawaka, tena haraka.

Msishangilie sana lakini. Maji na unyevu huviharibu, na ile risasi ni sumu.

Juzi nimempigia mjomba kumweleza vizuri. Halichimbwi, nikamwambia. La Mwadui haliwaki, linalowaka linapikwa chupani, na mpishi anaweza kuwa popote, hata hapa chuoni kwetu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu hakuuliza habari za mwanga wala hela. Yeye miaka yote anakamatia dhahabu kwa zebaki, anaichoma nyuma ya nyumba.

"Na hiyo risasi mnaishika kwa mikono?"

Nikamwambia tunavaa glavu.

Akacheka. "Hata sisi tuliambiwa tuvae."

Tangu juzi swali hilo linanisumbua kuliko eksitoni. Nimeamua kwenye ripoti yangu sura moja iwe ya risasi: inamwagwa wapi, nani anaosha zile chupa. Msimamizi akikataa nitawaambia.

Haya wadau, kesho testi. Mwenye desa la fizikia ya yabisi asininyime!