Manyatta ya Morani: Chuo Kilichopungukiwa na Uwanja

Ukisimama Kimuka, msomaji, nyuma ya vilima vya Ngong upande wa machweo, utaona nchi ikiteremka mbele yako kuelekea Bonde la Ufa. Ni nchi ya Wamasai wa kundi la Ilkeekonyokie. Zamani ng'ombe walitembea hapa pasipo kizuizi. Leo utaona nyua za seng'enge, nyumba za mabati, maduka na shule. Lakini liko jambo moja ambalo hutaliona kwa urahisi, nalo ni manyatta ya morani. Kimekwenda wapi chuo kile cha ushujaa, na kwa nini milango yake hufunguka kwa shida siku hizi?

Usistaajabu nikiiita manyatta chuo. Kijana wa Kimasai aliingia katika sherehe ya enkipaata pamoja na vijana wa rika lake, kisha akatahiriwa, akawa morani. Hapo alihamia manyatta, na mara nyingi mama yake alihama pamoja naye ili kumjengea nyumba. Humo alijifunza kutumia mkuki, ngao, sime na rungu, kusoma nyayo za wanyama, kukesha, kustahimili njaa na kiu. Tena alifunzwa adabu ngumu kuliko silaha zenyewe: morani hakunywa maziwa peke yake, wala hakula chakula bila mwenzake. Waliochaguliwa kuwa wasemaji wa rika walijifunza kunena mbele ya watu na kuamua magomvi. Baada ya miaka kadhaa ilifika sherehe ya eunoto, na mwisho kabisa olng'esherr, ambayo kwayo morani aliingia katika daraja la wazee. Basi palikuwapo wanafunzi, walimu, masharti na mahafali. Chuo ni nini zaidi ya hayo?

Chuo cha namna hii, kama chungu jikoni, husimama juu ya mafiga matatu: kazi, uwanja na muda. Tutazame jinsi kila figa lilivyoondolewa.

Figa la kwanza ni kazi. Morani walikuwa walinzi wa mifugo na askari wa kabila. Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliua ng'ombe wengi, na ndui ikaua watu. Kisha vikafuata vita vya ndugu kati ya wafuasi wa Olonana na wafuasi wa Sendeu. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakiingia nchini, na askari wao walikuwa wachache. Wakawatumia morani kama wasaidizi katika vita vyao, hata katika vita dhidi ya Wanandi mwaka 1905, na ujira wao ulikuwa sehemu ya ng'ombe walionyakuliwa. Lakini serikali ilipokwisha kujiimarisha, haikuwa na haja tena ya mikuki hiyo. Shujaa wa jana akaitwa mwizi wa mifugo na mvunja amani.

Figa la pili ni uwanja. Katika mapatano ya mwaka 1904 Wamasai walitengewa sehemu mbili: moja Laikipia, kaskazini, na nyingine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu kabila lao lipo. Hata hivyo, miaka 7 tu ilipita. Mapatano ya pili ya mwaka 1911 yakawaamuru watu wa Laikipia wahamie kusini. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Ilpurko, alipinga kuhama huko. Zingatia, msomaji, silaha iliyotumika: shauri lilipelekwa mahakamani. Mwaka 1913 mahakama ilikataa kulisikiliza dai, ikisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa, nayo hayamo katika uwezo wake. Huo ulikuwa uwanja mpya wa vita, na manyatta haikuwa imefundisha silaha zake.

Baadaye serikali ilijaribu kuzivunja manyatta zenyewe na kuufupisha umorani. Mapambano yakatokea Narok mara tatu: mwaka 1918, wakati wa kuandikishwa vijana, mwaka 1922, kwa ajili ya hatua za kuudhibiti umorani, na mwaka 1935, huko Rotian, kwa sababu ya kazi ya barabara. Morani walishindwa mara zote tatu, lakini umorani haukufa. Yamkini bunduki hazikuudhuru sana kama ulivyodhuriwa na hati za ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliigawa nchi ya Kajiado katika mashamba ya vikundi, kisha mengi ya mashamba hayo yakagawanywa tena, kila mtu na kipande chake. Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na wengi wakauza. Manyatta huhitaji mahali pa nyumba nyingi na malisho ya makundi makubwa. Nani awezaye kuijenga ndani ya ekari chache zilizozungushiwa seng'enge?

Figa la tatu ni muda. Umorani ulichukua miaka mingi, nayo ni ile ile ambayo shule huidai. Tangu mwaka 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali ya Kenya hutolewa bila karo. Mzazi mwenye mtoto mmoja na miaka michache ya ujana hana budi kuchagua. Akimpeleka shule, atajua kusoma hati kabla ya kuitia sahihi. Akimpeleka manyatta, atajua wenzake ni nani. Hasara ipo katika kila njia, na kuficha hasara ya upande mmoja si haki.

Wala tusiupambe umorani kupita kiasi. Jirani aliyenyang'anywa ng'ombe wake usiku hakuusifu ushujaa uliomfilisi. Simba waliouawa ili kijana apate sifa leo ni wachache, na sheria inawalinda. Chuo kinaweza kuwa na mafunzo mema na matendo mabaya chini ya paa moja.

Yaliyotukia hapa yametukia kwingineko. Nchini Japani, mwaka 1876, serikali iliwakataza samurai kuchukua panga hadharani, na shule nyingi za mapigano zikakosa wanafunzi. Mwaka 1882 Jigoro Kano alichuja mafunzo ya kale, akaondoa yaliyokuwa ya kuua, akabakiza yaliyojenga mwili na tabia. Ndiyo judo, iliyoingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964. Shule iliyobadili kazi yake ilipona.

Wamasai nao wamejaribu. Tangu mwaka 2012, huko Kimana, Kajiado, morani hushindana kwa mbio, kurusha mkuki na rungu, na kuruka juu, badala ya kuwinda simba. Na mwaka 2018 UNESCO iliziandika enkipaata, eunoto na olng'esherr katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini orodha haichungi ng'ombe, na medali haifundishi kijana kumgojea mwenzake kabla ya kunywa maziwa.

Basi, msomaji, chuo hiki hakikupungukiwa na walimu wala na vijana hodari. Kiliondolewa kazi, kisha uwanja, kisha muda. Uonapo jambo la kale likififia, usikimbilie kusema kwamba vijana ni wavivu au wazee ni wajinga. Uliza kwanza mafiga yake yako wapi. Mkuki waweza kuwekwa ukutani bila aibu. Adabu iliyoushika mkuki huo ikiwekwa ukutani pamoja nao, hapo ndipo tutakapokuwa tumeshindwa, na shule unayosoma leo haitakuwa imepokea urithi wake.