Seli T saidizi na upandikizaji wa viungo

Seli T saidizi ni seli nyeupe za damu zenye alama ya CD4, zile zile zinazohesabiwa kwenye kliniki za VVU. Kiungo cha mtu mwingine kikipandikizwa mwilini, ndizo zinazoongoza mwitikio wa kinga dhidi yake.

Ushirikiano wa seli

Ushahidi mzuri kuliko wote wa uongozi huo ulipatikana maabara. Mwaka 1964 watafiti walichanganya seli nyeupe za watu wawili wasio ndugu. Siku chache baadaye seli zilikuwa zimevimba na kuanza kugawanyika, wala hapakuwa na kijidudu chochote. Kilichozichochea ni tofauti ya HLA, alama zinazotambulisha seli za kila mtu, na nyingi kati ya seli zinazoitikia hivyo ni za CD4. Zikishaamka hutoa interlukini-2, inayozizidisha zenyewe na jirani zake. Baadhi hutoa intaferoni-gama inayokoleza uvimbe, nyingine huhimiza seli B zitengeneze kingamwili, na kundi moja la thamani kubwa, seli T dhibiti, huzituliza zilizobaki. Wapo wanaoona kwamba mharibifu wa figo iliyopandikizwa ni seli uaji za CD8, kwa hiyo saidizi zimepewa uzito kupita kiasi. Ni kweli CD8 huua, na baadhi huanza bila kungoja saidizi. Lakini bila msaada wa CD4 nguvu yake kwa kawaida haidumu. Dawa za kuzuia kiungo kisikataliwe nazo zinaelekea huko huko: sayklosporini, iliyobadili kabisa upandikizaji miaka ya 1980, na takrolimasi huzuia seli T kutengeneza interlukini-2. Gharama yake ni kubwa, kwa kuwa kinga iliyofifishwa hufungulia njia kifua kikuu.

Tanzania

Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo mara ya kwanza Novemba 2017, ikisaidiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata 2018.

Bagamoyo hakupandikizwi figo, ila kuna ushahidi kuhusu kinga ya watu wa hapa usiostahili kupuuzwa. Katika majaribio ya chanjo ya malaria ya PfSPZ kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, watu wazima wa Tanzania walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani waliochanjwa chanjo hiyo hiyo. Itasemwa kwamba malaria si figo. Hata hivyo, matokeo hayo yanadokeza kwamba maambukizi ya zamani hubadili mwitikio wa kinga; tena seli T zenye kumbukumbu ya vijidudu huweza kuitambua HLA ngeni kana kwamba ni adui wa zamani, na mwili wa mkazi wa pwani umebeba kumbukumbu nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo vipimo vya dawa za kufifisha kinga vilivyopangwa kwa wagonjwa wa Ulaya vinastahili kuhakikiwa kwa damu ya watu wa hapa.