Zimwi Lisilo na Muumba: Karaha katika Frankenstein na katika Ngano za Ukambani

Mary Shelley alipoitoa riwaya yake ya Frankenstein mjini London mwaka 1818, pasipo kutia jina lake, alileta katika hadithi za kutisha za Ulaya, zile ziitwazo za Kigothi, chuki ya namna ya pekee: chuki ya muumba kwa kiumbe wake. Victor Frankenstein ateua viungo vizuri vya maiti na kuviunga. Usiku mmoja wa Novemba kitu kile chafumbua jicho la manjano, na papo hapo uzuri wageuka karaha. Yafaa tuangalie mbinu yenyewe. Nywele nyeusi zing'aazo na meno meupe hayakuharibika. Yamewekwa tu kando ya macho ya majimaji na ngozi isiyositiri vema misuli na mishipa. Ujirani huo ndio utiao kinyaa. Kisha yafuata matusi: shetani, mwovu, zimwi. Jina la kuitwa hapewi kamwe.

Msomaji atokaye Kitui au Makueni anacho kipimo chake cha habari hii. Kikamba humwita Mungu Mumbi, kwa kitenzi cha kufinyanga ambacho ni ndugu wa kuumba kwetu. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, ameeleza kwamba masimulizi huutaja mlima Nzaui kuwa ndipo Mulungu alipowatoa watu wa kwanza mwambani. (Vitabu vya zamani huuweka Nzaui Machakos, kwani Makueni ilikuwa bado haijatengwa; ilitengwa mwaka 1992.) Hata kifo hakiletwi na chuki ya Mumbi. Ujumbe wa uzima alipewa kinyonga, naye akachelewa kuutamka. Ndege akamtangulia na maneno mengine. Kosa ni la tarishi.

Karaha ipo, ila yakaa kwingine. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, alikusanya ngano nyingi za eimu, na Mbiti naye alichapisha zake katika Akamba Stories mwaka 1966. Eimu ni neno moja na zimwi letu. Hula watu na ng'ombe; taswira zake ni za kinywa na tumbo, yaani za ulafi. Lakini hakuna msimulizi aulizaye ni nani aliyemwumba. Anayechukizwa ni yule awindwaye, na chuki yake ni ya haki.

Hapo ndipo mfasiri anapotegwa. Akimwita kiumbe wa Victor zimwi tangu ukurasa wa kwanza, msikilizaji wa Ukambani, na wa pwani vilevile, atamhesabu miongoni mwa walafi wasio na baba, na Victor atatoka bila lawama. Mary Shelley hakukusudia hivyo: katikati ya kitabu alimpa kiumbe huyo nafasi ndefu ya kujieleza, naye anamdai muumba wake haki ya mwana.

Kwa maoni yangu Kiswahili kina dawa bora kuliko zimwi. Kama vile funga ina fungua, na ziba ina zibua, umba nayo ina umbua: kuharibu umbo, na zaidi ya hayo, kuaibisha mbele za watu. Victor aumba kwa mikono, kisha aumbua kwa ulimi. Neno zimwi na liwekwe kinywani mwake peke yake, kama tusi alitukanalo. Msimulizi aseme kiumbe, neno ambalo haliwezi kutamkwa bila kumkumbusha msikilizaji kwamba yuko aliyeumba.